Kukodi Pikipiki Phuket Ukiwa na Familia: Mwongozo Kamili

Asubuhi yetu ya pili Kata, ufukwe ulio kusini-magharibi mwa kisiwa cha Phuket, Thailand, nilikuwa nimemshika mkono binti yangu wa miaka sita tukingoja kuvuka barabara. Ikapita skuta: baba anaendesha, mama nyuma, mtoto kabanwa katikati, mwingine kasimama mbele pale pa kuwekea miguu, kashikilia usukani. Ndala na kaptula, helmeti hakuna hata moja. Walikuwa wageni kama sisi. Binti akaniangalia: "Baba, na sisi tutapanda hivyo?"

Kwetu Dar hiyo ni mishikaki, na sijakutana na mzazi wa Dar ambaye hajawahi kuona mishikaki imemwagika kwenye lami. Nilimjibu hapana. Pikipiki nilikodi, kwa siku nane, lakini si kwa namna ile. Haya ndiyo niliyofanya, niliyokosea, na ninayomwambia ndugu yeyote anayepanga safari ya aina hii.

Kwanza amua itabeba nani

Kabla ya bei na aina, jiulize nani atakaa juu yake. Ukianzia dukani utajikuta umeshalipa, familia ya watu wanne imesimama pembeni inakutazama, na hapo ndipo mishikaki huzaliwa: "Ni hapo tu, si mbali."

Pikipiki ya likizo ni ya shughuli za mtu mzima mmoja, wakizidi wawili. Ni ya kufuata matunda na maji sokoni, dawa ya mtoto usiku, kwenda kuswali, au kutoka na mama watoto jioni kutazama jua likizama Rasi ya Promthep huku bibi amebaki na wajukuu. Kwa kazi hizo inalipa kweli. Phuket si kijiji: kisiwa kina urefu wa karibu kilomita 50, fukwe za magharibi kama Kamala, Patong, Karon, Kata na Nai Harn zimetenganishwa na vilima, na teksi zinazoegeshwa mahotelini ni ghali.

Safari za familia nzima fanyeni kwa gari. Bolt, ileile uliyonayo kwenye simu Dar au Nairobi, inafanya kazi Phuket, na Grab pia ipo. Mchana kuna songthaew, magari ya buluu yenye mabenchi mawili yanayotazamana. Aliyepanda chai maharage zetu za zamani atajiona yuko nyumbani. Yanatoka Phuket mjini kwenda fukwe kubwa na kurudi, ila jioni yanapungua, kwa hiyo usiyategemee kurudi na watoto waliosinzia.

Kuhusu watoto, msimamo wangu ni huu, na sikuulegeza hata siku moja. Asiyefikisha miguu yote miwili kwenye vikanyagio vya abiria hapandi. Ambaye helmeti ya saizi yake haijapatikana hapandi. Hakuna mtoto wa kusimama mbele, kwa sababu ukifunga breki ghafla kifua chako ndicho kinachomsukuma kwenye usukani. Kijana wangu wa miaka 11 nilimpakia mara mbili tu, asubuhi, kwenye barabara tambarare. Binti hakupanda kabisa.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu Thailand ni miongoni mwa nchi zenye vifo vingi sana vya barabarani duniani, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 ilionyesha kwamba kama robo tatu ya waliokufa walikuwa kwenye pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Wanaokodi bila kuzoea wanaingia kwenye barabara hizohizo.

Leseni, ukiwa bado nyumbani

Hapa ndipo watu wetu wengi hukwama, na hukwama kimyakimya, maana hakuna anayewazuia dukani. Mwenye duka atakupa ufunguo hata ukimwonyesha kitambulisho cha kazi. Leseni utaulizwa na watu wawili tu: trafiki, na kampuni ya bima siku umelala hospitalini.

Leseni yako lazima iwe na daraja la pikipiki, yaani A. Wengi tuna leseni ya gari, tukajifunzia pikipiki uani kwa binamu, na tunaamini anayeweza lori hawezi kushindwa skuta. Kisheria daraja la gari halikuruhusu pikipiki, si kwetu wala Thailand. Kama A haimo, nenda ukasome na ukafanye mtihani nyumbani, miezi kadhaa kabla ya safari. Ukiona huna muda, likizo bila pikipiki bado ni likizo nzuri.

Ukishakuwa na A, chukua kibali cha kimataifa cha kuendesha, kile kijitabu chenye picha yako na orodha ya madaraja. Tanzania utakipata kwa chama cha magari, AA Tanzania. Kenya ni AA Kenya. Ukikabidhiwa, usitoke dirishani kabla hujafungua ukurasa wa madaraja na kuona muhuri kwenye kisanduku cha A. Karani aliyezoea kugonga B peke yake anaweza kukupa kijitabu kisicho na kazi. Uliza pia kimetolewa chini ya mkataba gani: Thailand imo kwenye mkataba wa usafiri wa barabarani wa Geneva wa 1949, na mwaka 2020 ilijiunga na ule wa Vienna wa 1968.

Kijitabu hakisimami peke yake, kinaandamana na leseni yako halisi ya plastiki. Kinatolewa na nchi iliyokupa leseni, kwa hiyo hakuna cha kununua Phuket, na wanaokiuza mtandaoni kwa dola chache wanakuuzia karatasi. Ndugu zetu mlioko Muscat au Dubai mnaotumia leseni ya huko, jambo ni lilelile, na ongezeni moja: Thailand wanaendesha kushoto kama Afrika Mashariki, si kulia kama mlivyozoea. Mzoee upya kabla hamjaingia barabara kubwa.

Weka leseni, kijitabu na nakala ya pasi kwenye bahasha moja. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe humohumo, maana Thailand inaidai kwa wanaotoka kwetu.

Bima: soma visivyolipwa

Karibu kila mtu husoma ukurasa wa mbele, ule wenye tarakimu kubwa za matibabu. Wewe anzia ukurasa wa visivyolipwa. Bima nyingi za safari huitoa pikipiki kabisa, au huiruhusu kwa masharti: leseni ya daraja husika inayotambulika nchi ile, helmeti kichwani, hakuna pombe, na mara nyingine injini isizidi cc 125. Sharti moja likivunjika, madai yote yanaanguka.

Mimi nilimwandikia wakala wangu swali moja, na nakushauri uliandike hivihivi: "Nikiendesha pikipiki ya kukodi ya cc 125 nchini Thailand, nina leseni ya daraja A na kibali cha kimataifa, matibabu yangu na ya abiria wangu yanalipwa hadi kiasi gani?" Wakala wa kwanza alinijibu kwa simu, kwa maneno matamu. Nikamwomba aandike, akakawia siku nne, kisha akaandika kwamba pikipiki haimo. Nikahamia kwingine. Jibu la mdomo usilisafirie.

Dukani utaambiwa pikipiki ina bima. Ni kweli. Wanamaanisha bima ya lazima, wenyewe wanaiita Por Ror Bor. Hiyo iko chini hata ya bima ndogo tuliyoizoea: inagusa mwili wa mtu tu, haigusi pikipiki uliyoikodi wala gari ulilolikwaruza. Kwa dereva mwenye kosa, matibabu yake yanaishia baht 30,000. Baht moja ni kama shilingi 4 za Kenya, au kati ya 75 na 80 za Tanzania, kwa hiyo ni pesa, lakini upasuaji wa mguu uliovunjika kwenye hospitali binafsi ya Phuket unaweza kula laki kadhaa za baht.

Kuchagua duka na pikipiki

Usichukue ya kwanza uliyoiona ukitoka hotelini siku ya kwanza ukiwa na uchovu wa ndege. Lala. Kesho yake tembea kwa miguu, pita maduka matatu au manne, tazama pikipiki zilizopangwa nje. Duka zuri utalijua kwa matairi. Kama safu nzima ina matairi mapya na vioo viwili viwili, mwenyewe anajali. Kama nusu yake zina vipara, bei nafuu imetoka hapo.

Skuta ya kawaida ya cc 110 hadi 125, kama Honda Scoopy, Honda Click au za Yamaha za aina hiyo, hukodishwa kati ya baht 200 na 350 kwa siku, na ukichukua wiki bei inashuka. Zipo kubwa zaidi, cc 150 na 160, zenye kiti kipana. Ni nzuri vilimani mkiwa wawili wakubwa, lakini ni nzito, na bima inaweza kuzikataa. Kikubwa ni kwamba ukiketi nyayo zako zote mbili zifike chini.

Ukizungumza na mwenye duka, neno "phi" litakusaidia. Ni kama kaka au dada kwa aliyekuzidi umri, na Wathai hulitumia kama sisi tunavyomwita mtu kaka sokoni bila kumjua. Dada aliyenikodishia mara ya pili alilegea nilipomwita hivyo, akaingia ndani akatoa helmeti mpya.

Kukagua, na kosa langu

Nilikodi mara mbili, siku mbili duka moja na siku sita duka jingine, na sababu ya kuhama ni hii. Duka la kwanza nilipiga picha nzuri sana: mbele, nyuma, kulia, kushoto, zote nikiwa nimesimama. Siku ya kurudisha, kijana wa duka alichuchumaa, akaingiza vidole viwili chini ya pua ya pikipiki, pale plastiki inapojikunja karibu na tairi la mbele, akaniita nipapase. Palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. Nikauangalia: ndani yake kulikuwa na vumbi jeusi lililokwisha kugandamana, mkwaruzo wa zamani. Lakini picha zangu zote zilikuwa za juu. Nikalipa baht 1,500, na kwa ukodi wa siku mbili hiyo ilizidi ukodi wenyewe.

Kwa hiyo chuchumaa. Rekodi video moja isiyokatika, uanze na pleti namba na kilomita kwenye dashibodi, kisha shuka chini: chini ya pua, chini ya ubao wa miguu pande zote mbili, ncha za mikono ya breki, migongo ya vioo, kifuniko cha ekzosi, rimu, ukingo wa chini wa kiti. Sehemu hizo ndizo zinazogusa chini pikipiki ikilala, na ndizo mkaguaji anazianza. Kila mkwaruzo uguse kwa kidole, useme kwa sauti. Ukimaliza, itume video kwa mwenye duka palepale kwa LINE, programu ya ujumbe inayotumiwa na karibu kila mtu Thailand. Ikishakuwa kwenye simu yake na saa yake, hakuna mjadala siku ya kurudisha.

Baada ya rangi ndipo uzima wa chombo. Matairi yawe na mistari yenye kina na pasiwe na nyufa ubavuni. Bana breki ya mbele uisukume mbele: isisogee. Fanya hivyo na ya nyuma. Bana mkono mmoja mmoja huku mwenzako akiangalia taa ya breki, iwake kwa yote miwili. Taa kubwa na ndogo, indiketa nne, honi. Inama utazame chini ya injini kama kuna oili mbichi. Tazama stika ya kodi ya barabara, mwaka wake uwe haujapita. Kisha omba uzunguke mtaa mmoja. Ukiachia mikono kidogo ikavuta upande, rudisha uchague nyingine.

Mkataba, amana na pasi

Pasi yako ya kusafiria usiiache dukani. Maduka mengi yataiomba, na watakuambia kila mtu anaacha. Anayeishika ana sauti kuliko wewe: siku akidai ya mkwaruzo hutabishana kwa sababu ndege yako ni kesho. Halafu fikiria mtoto amepata homa usiku na hospitali inaomba pasi. Ubalozi wa Kenya uko Bangkok, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo.

Toa nakala na amana ya fedha taslimu. Baht 2,000 hadi 5,000 ni kawaida. Mimi niliacha 3,000. Duka likikataa kabisa bila pasi, nenda la pili. Nilikataliwa na mawili, la tatu likakubali.

Kwenye mkataba tafuta mambo manne: kiasi cha amana kimeandikwa, tarehe na saa ya kurudisha, nani analipa tairi likitoboka, na bei za vipuri ukivunja. Hilo la mwisho omba waliandike: kioo kiasi gani, mkono wa breki kiasi gani, plastiki ya ubavuni kiasi gani. Na jina kwenye mkataba liwe la anayeendesha. Kama mtabadilishana na mwenzako, mwenye leseni, yaandikwe yote mawili.

Helmeti

Ile ya bure mara nyingi ni kibakuli chepesi chenye buckle iliyolegea. Ivae, funga, tikisa kichwa mbele kwa nguvu. Ikikushukia machoni au ikichomoka nyuma, omba nyingine. Mimi nililipa nyongeza kidogo nikapata ya kufunika masikio na yenye kioo, na usiku, wadudu wanapokupiga usoni, utajua kwa nini kioo kina maana.

Ya mtoto usitegemee duka la kukodi. Tulinunua ya kijana kwenye duka la vifaa vya pikipiki, tukiwa naye, akaijaribu mwenyewe mpaka ikakaa: mashavu yabanwe kidogo, vidole viwili vipite chini ya mkanda wa kidevu. Sheria inamtaka dereva na abiria wote kuvaa, na tangu 2022 faini inaweza kufika baht 2,000.

Mikono yenye mazoea ya Boxer

Dakika 30 za kwanza zitumie kwenye uwanja au maegesho matupu, peke yako. Hata kama umeendesha pikipiki miaka ishirini. Pengine hasa kama umeendesha miaka ishirini.

Sisi tumezoea Boxer na TVS: mkono wa kushoto ni klachi, mguu wa kushoto ni gia, mguu wa kulia ni breki ya nyuma. Skuta haina klachi wala gia, na mkono wa kushoto ndio breki ya nyuma. Siku mbwa akikatiza, mwili hautangoja ufikiri. Mguu wa kulia utakanyaga hewa, na mkono wa kushoto, ambao kwa miaka yote umebana klachi bila madhara, utafunga gurudumu la nyuma. Mimi lilinitokea palepale uwanjani. Tairi lilichora mstari mweusi kwenye sakafu na pikipiki ikaenda upande kama kaa. Nikarudia kusimama, polepole kisha kwa kasi, mikono yote miwili pamoja, mpaka mguu ukasahau.

Jambo jingine ni la wazazi. Skuta iliyowaka, hata imesimama kimya, ukigusa mkono wa mafuta inaruka. Nyingi zina mfumo wa kujizima kwenye foleni na kujiwasha ukivuta mafuta, hivyo unaweza kudhani imezima kumbe imelala tu. Zima kwa ufunguo kabla hujashuka, kabla hujaisukuma, na kabla mtoto hajaikaribia. Binti yangu aliomba kupiga picha amekaa juu yake. Nilimruhusu, stendi ya katikati ikiwa chini na ufunguo mfukoni mwangu.

Barabarani

Kushoto ni kwetu, hilo limekwisha. Yanayokutega ni mengine.

Anayekuwashia taa kubwa hakukaribishi upite. Kwetu mara nyingi ndiyo maana yake. Kule anasema "naja, kaa hapohapo". Siku ya kwanza nilitaka kuingia barabarani kwa kuona taa za gari, na dereva hakupunguza hata kidogo.

Kwenye bega la kushoto la barabara utakutana na pikipiki zinakuja uso kwa uso nawe. Wenyeji hufanya hivyo kuepuka kwenda mbali kutafuta pa kugeuzia. Kabla hujakata kushoto tazama pande zote mbili, na usijibane sana pembeni kabisa.

Vilima vina mambo yao. Barabara ya Kathu kuingia Patong ni mwinuko mkali wenye kona, inajulikana kwa ajali, na mvua ya Oktoba 2022 iliporomosha sehemu yake. Sikumpeleka mtu pale kwa pikipiki. Barabara ya Kata kwenda Nai Harn, ile yenye kituo cha kutazamia fukwe tatu kwa pamoja, ni nzuri na ina magari machache, lakini kushuka kwake kurefu kunachosha breki. Skuta haina gia ya kushikilia mteremko kama Boxer. Shuka taratibu tangu juu, tumia breki zote mbili kwa kubana na kuachia, na ukiona zinalegea simama zipoe.

Kipilefti cha Chalong, kusini, kina njia nyingi zinazoingia kwa pamoja. Mara mbili za kwanza nilikipita asubuhi mapema, na jioni sikuona aibu kukikwepa.

Msimu wa mvua ni kuanzia Mei hadi Oktoba hivi. Ikianza kunyesha, dakika za mwanzo ndizo mbaya, maji yanapochanganyika na oili na mchanga. Michoro myeupe ya barabara inateleza kama sabuni. Ingia sheli, subiri. Karibu na fukwe mchanga upo kwenye kona hata wakati wa kiangazi.

Viatu vya kufunika vidole, suruali, na kwa abiria onyo moja: ekzosi iko upande wa kulia na inawaka moto. Wageni wengi huondoka Phuket na alama ya kuungua upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia. Pandeni na kushukia kushoto, kila mara. Ikitokea, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki ya meno.

Trafiki na mafuta

Vizuizi vipo vya mara kwa mara, hasa karibu na Patong, Karon na Chalong. Simama, zima, vua miwani, salimia, toa leseni na kijitabu. Nilisimamishwa mara mbili. Mara zote walitazama kisanduku cha A, wakanirudishia, nikaenda. Ukikosea, omba tiketi na risiti, ulipe kituoni.

Petroli weka sheli, ukimwambia mhudumu "tem thang", yaani jaza. Tumia 91 au 95. Chupa za kando ya barabara ni za dharura, na ni ghali kidogo. Ukiegesha, ukingo uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe hauruhusiwi. Ufuate mstari wa pikipiki za wenyeji, na usiache kitu cha thamani chini ya kiti.

Ikitokea ajali

Hifadhi namba tatu kwenye simu zote mbili, yako na ya mwenzako: 1669 gari la wagonjwa, 1155 polisi wa watalii ambao wanazungumza Kiingereza, 191 polisi wa kawaida. Ondoa watu barabarani kwanza. Aliyeumia kichwa au shingo asivuliwe helmeti ovyo, subiri wenye ujuzi. Piga picha za vyombo vilipo kabla havijasogezwa, kisha pigia polisi, kisha bima, kisha duka. Usikubali kosa wala kulipa mtu njiani, kwa sababu bima itataka ripoti ya polisi. Na hata mkwaruzo mdogo wa goti, ukasafishwe kliniki siku hiyohiyo kabla ya kurudi baharini.

Kurudisha

Rudisha mchana, si saa tatu usiku duka linafungwa na taa ni hafifu. Mafuta yafike palepale yalipokuwa. Pitia njia ileile ya ukaguzi, na video yako iwe tayari kwenye simu.

Yule dada alichuchumaa kama kijana wa duka la kwanza, akapapasa chini ya pua, akakuta mkwaruzo. Nikamfungulia LINE, sekunde ya 40, kidole changu kimeugusa mkwaruzo uleule. Akacheka, akasimama, akanihesabia baht 3,000 noti moja moja, akanirudishia na nakala ya pasi.

Helmeti ya kijana tulirudi nayo Dar. Sasa anaivaa kila anapopanda bodaboda kwenda tuisheni.